Timazi Bafuni

Milango tuliinunua Arusha,
hoteli moja ya Njiro ilikuwa inabomoa vyumba.
Vioo viwili, reli ya alumini,
mfuko wa skrubu, moja haipo.
Nikavifunga kwa blanketi la mama, lile la mistari,
na njia nzima hadi Moshi, kila tuta,
nikawa naomba radhi kama niliyebeba mgonjwa.

"Kioo hakibembelezwi," alisema fundi Senkondo
akivua viatu mlangoni.
"Mbao utaikata, bati utalikunja.
Kioo kinataka ukuta useme kweli."

Hodhi letu ni la chuma.
Baba alilipata mnadani meneja wa shamba la kahawa alipohama,
wanaume wanane wakalishusha kwenye lori wakilaani,
likawekwa uwanjani, ndipo bafu likajengwa kulizunguka.
Maisha yetu yote tumeoga humo tumesimama,
maji yakiruka hadi koridoni,
pazia la plastiki limetuganda mgongoni
kama shemeji anayetaka mkopo.

Mwezi wa nne mama aliteleza.
Nyonga haikuvunjika.
Lakini tangu siku ile anaoga mlango wazi,
anaimba tenzi kwa nguvu,
ubeti baada ya ubeti,
ili tujue bado yupo wima.

Senkondo akaning'iniza timazi.
Ikacheza, ikazunguka, ikatulia.
Akakohoa. Akapima tena.
Juu, uzi umegusa kigae.
Chini, vidole vyangu viwili vinapita, na nafasi inabaki.

Baba!
Nyoosha shuka. Nyoosha mwandiko. Nyoosha maneno.
Baba aliyening'olesha matuta matatu ya maharage
nikapanda upya, kwa kamba, mvua ikininyeshea.
Na ukuta wake umeinamia hodhi
kama mtu aliyesinzia kanisani.

Nikaenda jikoni.
Mama alikuwa anachambua mnafu.
"Mama, ukuta wa bafuni umepinda."
Hakuinua kichwa.
"Aliujenga usiku, akitoka zamu ya kiwandani.
Mimi nilishika chemli, wewe uko mgongoni.
Mkono ulichoka, nikawa naishusha taa,
naye akafuata mwanga."
Akatupa jani lenye mdudu.
"Hakuniambia kitu. Alijua."

Nilirudi bafuni nikiwa sina la kumwambia fundi.
Yeye alikuwa ameshapiga hesabu:
"Kuvunja ni laki tatu na wiki mbili za vumbi.
Una ubao wa plastiki, ule wa kukatia nyama?"
Akauchonga kabari ndefu,
nyembamba juu, nene chini,
umbo lenyewe hasa la mkono unaochoka.

Tukabandika gundi ya karatasi ili drili isiteleze.
Kigae kikalia. Cha pili kikalia zaidi.
Lilitoka vumbi jekundu la tofali la miaka arobaini,
likanipata puani, nikapiga chafya,
fisha zikaingia, skrubu zikauma,
na ile iliyopungua Senkondo akaitoa mfukoni mwake,
yenye kutu kidogo, "usimwambie mtu."

Silikoni inataka siku nzima ikauke.
"Asioge mtu," nikatangaza, kwa sauti ya baba.

Usiku nikasikia kioo kikiteleza relini.
Kinakwenda. Kinarudi. Kinakwenda.
"Mama! Haijakauka!"
"Sijagusa maji," alijibu gizani.
"Nimekaa tu."

Kesho yake jioni aliingia, akafunga.
Maji yakaanza kupiga kioo.
Hakuimba.
Nikabaki koridoni na taulo lake,
sakafu kavu chini ya nyayo zangu,
nisijue nisimame hapo mpaka lini.